Usifunike Ubao Uliooza



Katika mwezi wa tano nilipata barua iliyotoka Ubelgiji. Aliyeiandika ni baba wa jamaa, mzaliwa wa Kivu, akaaye huko kwa ajili ya kazi pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Aliandika hivi:

«Mzee wetu, salamu nyingi. Mimi na mama watoto tulikusanya akiba miaka minne, tukanunua gari-nyumba la zamani, la mwaka wa 1989, ili tuweze kutembea na watoto wakati wa likizo. Lilikuwa likimetameta, na ndani rangi ilikuwa mpya. Juma la tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mtoto wetu wa pili, ambaye hulala katika kitanda cha juu ya kichwa cha dereva, alishuka na bega lake limelowa. Nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikazama kama katika mkate. Mafundi wa hapa wataka fedha kupita bei ya gari lenyewe. Rafiki yangu aniambia: Nunua ubao mwembamba, ubandike juu ya ule uliooza, upake rangi, ni kazi ya siku moja. Mwakani uliuze. Likizo imebaki miezi miwili. Mzee, nifanyeje?»

Nilimjibu upesi, maana mvua haingoji gazeti. Leo nawaandikia ninyi nyote yale niliyomwambia, pamoja na yale yaliyompata baadaye. Najua ya kuwa wengi wenu hamna gari la namna hiyo. Lakini kila mwenye paa juu ya kichwa chake ana vita na maji, na maji yana tabia moja kila mahali.

NYUMBA ILIYOGANDISHWA KWA GUNDI

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Gari-nyumba ni motokari iliyojengewa chumba nyuma ya dereva. Humo mna vitanda, meza, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanda vya Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uingereza vilitengeneza mengi ya namna hii. Kiwanda kilinunua kichwa cha motokari pamoja na injini na fremu yake ya chuma, mara nyingi Fiat Ducato, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1981, au Ford Transit. Kisha kikajenga nyumba juu yake.

Mtu akiitazama kwa nje hudhani ya kuwa kuta zake ni za chuma kitupu. Sivyo. Ngozi ya nje ni bati la alumini, jembamba, mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Ndani yake kuna povu gumu jeupe liitwalo polistireni, lile lile wanalozungushia redio mpya katika sanduku lake. Hilo huzuia baridi na joto, na unene wake ni kama sentimita tatu. Katikati ya povu hupita kiunzi cha miti myembamba ya msonobari. Upande wa ndani kabisa kuna plaiwudi ya milimita tatu, iliyobandikwa karatasi yenye maua au mistari. Vyote hivi vimegandishwa kwa gundi, vikawa kitu kimoja.

Ukuta wa namna hii ni mwepesi na wenye nguvu, madhali u mkavu. Lakini una udhaifu mkubwa: alumini haipumui. Ukuta wa udongo ukilowa leo, jua la kesho laukausha. Tone la maji likiisha kuingia kati ya alumini na plaiwudi, halioni njia ya kutoka. Lakaa pale mwezi hata mwezi, miti ya kiunzi yalinywa, na kuvu huanza kula. Kwa nje bati lazidi kung'aa. Kwa ndani mti wageuka kuwa kama unga wa tumbaku.

Na maji yapita wapi? Yapita katika viungo. Pale ambapo paa hukutana na ukuta, kiwanda kiliweka ukanda wa alumini, kikaufunga kwa parafujo nyingi juu ya mastiki, yaani ulimbo mnene wa kuzibia. Mastiki ikiwa mpya ni laini, hufuata mtikisiko wa gari. Ikiisha miaka thelathini imekauka, imenywea, imepasuka. Parafujo zashika kutu, na kila moja imesimama katika tundu lake. Tena huko Ulaya kuna majira ya baridi: maji yaliyomo katika ufa yakiganda kuwa barafu yaongezeka ukubwa karibu sehemu moja ya kumi, yausukuma ufa upanuke. Mwaka ujao tundu lililopitisha tone lapitisha kijiko.

KWA NINI TUSIFUNIKE

Sasa tulipime shauri la rafiki yake. Ubandike ubao mpya juu ya ubao mbovu. Kazi ya siku moja!

Nilimwandikia: Ndugu yangu, jambo hilo limekwisha kufanywa mara moja, nawe ndiwe uliyelinunua. Ile rangi mpya uliyoisifu ilikuwa nini? Huenda muuzaji naye alipata rafiki kama wako.

Ubao mpya hauzuii maji; wayaficha tu. Kuvu lataka vitu vichache: chakula, hewa, vuguvugu kidogo na maji. Chakula chake ni mti. Hatuwezi kuliondolea hewa wala vuguvugu, maana watoto nao wavitaka. Kitu tuwezacho kuliondolea ni maji. Mti ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 hauozi, hata ukikaa miaka mia. Ukizidi hapo kwa muda mrefu waanza kuliwa. Basi mtu afunikaye ukuta uliolowa amelipa kuvu nyumba, tena amelifungia mlango lisisumbuliwe.

Na juu ya kitanda hicho hulala mtoto. Sakafu ya kitanda cha juu imeshikwa na kiunzi kile kile kinachooza. Mtoto avuta pumzi ya ukungu usiku kucha, na chini yake kuna mti ambao baba yake ameutoboa kwa kidole. Hayo si mambo ya kupaka rangi.

Kuhusu kuliuza mwakani, sikuandika mengi. Nilimwuliza neno moja tu: Siku ile mtoto wa mnunuzi atakaposhuka na bega lililolowa, utapenda kuwapo?

Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini hapa tuongeze neno: kuna kuziba, na kuna kufunika. Anayeziba amekwisha kuitafuta njia ya maji. Anayefunika ameogopa kuitafuta.

TAFUTA NJIA YA MAJI

Kazi ya kwanza, basi, si msumeno. Ni macho, mikono na subira.

Ninyi wenye mapaa ya mabati mwalijua hili: tone laanguka juu ya meza, nawe wapanda juu ya meza na kutazama bati lililo juu yake, ni zima. Tundu la msumari liko mbali, huko juu karibu na kipeo. Maji yamefuata mgongo wa bati, yakafuata mti, yakachoka, yakaanguka. Katika gari-nyumba ni vivyo hivyo, tena ni vibaya zaidi, maana maji yatembea ndani ya ukuta pasipo kuonekana. Doa la ndani lakuonyesha mahali yalipotokea. Halikuonyeshi mahali yalipoingia.

Kwanza, utambue kama ni maji ya mvua au ni jasho la nyumba. Watu watano wakilala katika chumba kidogo, pumzi zao zafanya maji juu ya madirisha. Jiko nalo latoa maji: kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa mvuke ambao, ukipoa, ni zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Jasho hilo huonekana kila mahali penye baridi, hata pasipo mvua, nalo huponywa kwa kufungua madirisha. Maji ya kuvuja huonekana mahali pamoja, na huzidi baada ya mvua.

Pili, pima. Kuna chombo kidogo kiitwacho kipima-unyevu, chenye miiba miwili. Hakina bei kubwa. Kichome katika plaiwudi kila hatua ya mkono, uandike hesabu juu ya karatasi kama ramani. Mafundi wa magari haya kwa kawaida hushika kipimo hiki: kufika 15 kwa mia, hapana neno, kati ya 15 na 20, pachungwe, kupita 20, maji yaingia, kupita 30, mti umeharibika au u karibu kuharibika. Angalia tu miiba isiguse chuma, maana chuma hukidanganya chombo. Ramani ikiisha, utaona hesabu zikipanda kuelekea upande mmoja, kama njia ya siafu iendayo kwenye shimo lake.

Tatu, jaribu kwa maji. Mtu mmoja akae ndani na taa, mwingine awe nje na mpira wa maji. Maji yatoke polepole kama mvua, si kwa nguvu. Anza chini! Hili ndilo jambo ambalo watu hulisahau. Ukianza kumwaga juu ya paa, maji yatashuka juu ya viungo vyote kwa mara moja, nawe hutajua ni kipi kilichovuja. Anza chini ya dirisha, ungoje dakika kumi. Kisha pembeni mwa dirisha. Kisha juu yake. Ndivyo upande kiungo kwa kiungo mpaka paa. Yule aliye ndani akilia «Maji!», tia alama ya chaki hapo nje.

Mahali pa kushuku ni hapa: pembe za kitanda cha juu, madirisha ya paa, ukanda wa turubai la kivuli, mguu wa antena, taa ndogo za mbele na za nyuma, mlango wa choo, na sakafu karibu na magurudumu, ambapo maji ya barabara hurushwa kutoka chini.

FUNGUA MPAKA UONE MTI MZIMA

Kabla ya kufungua, ondoa hatari mbili. Chomoa waya wa umeme wa nje na ufungue nyaya za betri. Funga chupa ya gesi, uitoe nje ya gari. Mifereji ya gesi usiikate wala usiipinde kwa mkono wako mwenyewe. Ikiwa imepita pale utakapofanya kazi, mwite fundi mwenye hati ya kazi hiyo, naye aikague tena mwisho wa kazi.

Kisha liweke gari chini ya paa au turubai kubwa. Toa makabati na magodoro. Piga picha kila hatua, na parafujo za kila kabati zitie katika mfuko wake wenye jina. Leo wadhani utakumbuka. Baada ya majuma matatu hutakumbuka. Funika pua na kinywa, fungua milango yote, maana ukungu utaruka.

Kata plaiwudi ya ndani kidogo kidogo. Chukua bisibisi yenye ncha, uchome kila mti wa kiunzi. Mti mzima hukataa. Mti mbovu hukubali. Endelea kufungua mpaka ufike mahali ambapo mti wakataa, kisha upite hapo kipimo cha mkono mmoja zaidi. Hapa moyo wa mtu huvunjika, maana doa lenye ukubwa wa sahani huficha ubovu wenye urefu wa mlango. Usikate tamaa, wala usisimame nusu. Ukiacha kipande kibovu cha urefu wa kidole, umeacha mbegu.

Kabla ya kutoa mti wowote ulioshika paa, tegemeza paa kwa nguzo kutoka sakafuni, na utoe mti mmoja kwa wakati mmoja. Aondoaye miti yote kwa siku moja atalala na paa usoni.

Sasa acha pakauke. Hili si jambo la usiku mmoja. Tia hewa ipite, na moto mdogo wa umeme ukiwezekana, usio karibu na povu lile jeupe, kwa kuwa huyeyuka na kuungua upesi. Pima kila siku tatu, uandike. Hesabu zikishuka chini ya 15 katika miti iliyobaki, na zikae hapo, umekauka. Kalenda isikuambie, kipimo ndicho kikuambie.

MTI MPYA

Ninyi wanafunzi mnaojifunza useremala, sikilizeni hapa. Mti mpya uwe na unene ule ule wa wa kwanza, uwe mkavu, umenyooka, umepakwa dawa ya kuzuia kuvu na dawa imekauka kabisa. Usiuunge ncha kwa ncha. Kata mti wa zamani na mti mpya nusu kwa nusu, ili mmoja ulale juu ya mwenzake, ama kwa mshazari mrefu. Gundi yapenda uso mpana.

Gundi iwe ya poliuretani isiyoyeyuka katika maji. Angalia neno hili: gundi nyingi za makopo, zile zenye harufu kali, hulila povu la polistireni kama chumvi imlavyo konokono. Mtu hubandika jioni, asubuhi akaona shimo mahali palipokuwa na povu. Jaribu kwanza juu ya kipande kidogo kilichotupwa.

Tia povu jipya la unene ule ule katika nafasi zilizobaki, pasiwe na pengo, maana kila pengo ni mahali pa jasho kukusanyika. Kisha bandika plaiwudi mpya ya milimita tatu. Usichague nene kwa kudhani ni imara zaidi. Mengi ya magari haya yameandikwa yasizidi kilo 3,500 pamoja na watu na mizigo, na jamaa ya watu watano yaufikia uzito huo upesi. Ubao ushikwe na mbao pana na miti ya kusukumia, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, mpaka gundi ishike sawasawa.

Lakini ngoja! Plaiwudi hiyo isibandikwe bado. Kuna kazi ya nje.

KUZIBA KWA KWELI

Toa ukanda wa alumini pale penye alama ya chaki, pamoja na parafujo zake zote. Kwangua mastiki ya zamani yote kwa kipande cha plastiki, usilitie bati mikwaruzo. Safisha mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mastiki mpya juu ya mastiki mbovu ni kama kiraka juu ya nguo iliyooza: chashika siku mbili, kisha chaondoka na nguo yenyewe.

Kwa viungo vinavyoweza kufunguliwa tena, kama kanda, madirisha na taa, tumia mastiki ya butili, ambayo huuzwa kama utepe. Haigandi ikawa ngumu, nayo huufuata mtikisiko. Iweke kwa wingi, rudisha ukanda, funga parafujo mpya za chuma kisichoshika kutu, ukitia butili hata katika matundu yake. Kaza polepole, rudi kesho ukaze tena kidogo, na ile iliyosukumwa nje uikate.

Wengi hukimbilia silikoni, maana ni rahisi na yapatikana kila duka. Ile inayonuka siki hutoa asidi, nayo huila alumini. Tena silikoni ikiisha kushika mahali, masalio yake hukataa kila kitu kitakachowekwa baadaye, hata silikoni nyingine. Na madirisha ya magari haya si kioo bali ni plastiki ya akriliki. Dawa kali na baadhi ya mastiki za poliuretani huyapasua nyufa ndogo kama utando wa buibui. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulifungua.

Baada ya kuziba, mwaga maji tena, kama siku ya kwanza, kutoka chini kwenda juu. Kisha liache gari mvuani siku kadhaa, ukuta wa ndani ukiwa wazi, nawe upime kila asubuhi. Zikipita mvua tatu na hesabu haijapanda, ndipo ubandike plaiwudi, na karatasi, na rangi uipendayo. Rangi ni ya mwisho.

TUNDU LISILOZIBWA

Neno moja la kuokoa maisha. Mtu aliyeumizwa na maji hutaka kuziba kila tundu alionalo. Katika sakafu ya gari-nyumba, na katika kabati la chupa ya gesi, kuna matundu yaliyo wazi kwa makusudi. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zakaa chini kama maji, na kwa matundu hayo zatoka nje. Mengine, juu na chini, yaingiza hewa ya kupumua wakati jiko liwakapo. Ayazibaye kwa ajili ya baridi au vumbi aweza kuwalaza watoto wake wasiamke. Matundu hayo yasizibwe kamwe; yasafishwe tu.

Tena kuna ubovu usiofaa kurekebishwa na baba wa jamaa peke yake: sakafu iliyooza pale inapofungwa juu ya fremu ya chuma, na mahali panaposhikwa na mikanda ya usalama ya viti. Hapo akatafute fundi wa magari, aulize bei kwanza, na kama yapita uwezo wake, akubali ya kuwa gari limekwisha. Hasara ya fedha ni hasara, lakini ina mwisho.

BARUA YA PILI

Katika mwezi wa tisa ilinifikia barua ya pili. Yule baba aliandika:

«Mzee, tulianza kwa hasira. Mama watoto alisema: Kama twafungua, tufungue yote. Kijana wetu mkubwa alishika mpira wa maji, mimi nikakaa ndani. Nilikuwa na hakika ya kuwa dirisha la pembeni ndilo lenye kosa, maana doa lilikuwa chini yake. Tulilimwagia nusu saa, hapana kitu. Alipofika kwenye taa ndogo ya mbele, kule juu, hata mkono wangu haujafika kuikausha, maji yalishuka ndani ya ukuta nikayasikia. Taa yenye ukubwa wa yai! Mti uliooza ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Ulitoka kwa mikono, pasipo msumeno.

«Tulifanya kazi Jumamosi saba. Likizo ilikwisha karibu yote. Tulitembea siku sita tu, wala hatukufika mbali. Watoto walinuna. Lakini usiku wa nne mvua ilinyesha kwa nguvu, na mimi sikulala. Niliamka mara tatu kugusa ukuta juu ya kichwa cha mtoto. Ulikuwa mkavu. Asubuhi aliniuliza kama mvua ilinyesha.

«Picha zote nimeziweka katika bahasha ndani ya gari, pamoja na kipande cha ule mti mbovu na karatasi za vipimo. Siku tutakapoliuza, mnunuzi ataipata bahasha hiyo kabla ya kuhesabu fedha zake.»

Barua yake imenifurahisha kuliko shukrani zake. Sasa amebakiwa na kazi ndogo ya kila mwaka: kupanda ngazi kabla ya majira ya baridi, kutazama kila kiungo, kubadili mastiki iliyoanza kupasuka, kuosha gari pasipo maji ya nguvu kwenye viungo, na kuliegesha kwa mshazari kidogo ili maji yasisimame juu ya paa. Saa mbili kwa mwaka. Aliyelitunza gari hilo kabla yake alizikosa saa hizo, na mwenzetu akazilipa kwa Jumamosi saba.

Nanyi mnaosoma hapa nyumbani, kabla mvua hazijaanza, pandeni juu mkatazame misumari ya mabati yenu. Mkiona doa darini, msilipake chokaa kwanza. Ulizeni maji yametoka wapi.

Kwaherini, hata tutakapoonana tena katika ukurasa huu.